Kamati ya Gurudumu la Mbele

Nchi yenyewe ipo, maana ukiipigia simu inapokea, ila inakwambia usubiri. Jina lake tuliache hapohapo lilipo, lisije likaitwa ofisini. Ni nchi yenye utaratibu mzuri sana. Kila kitu kina wizara yake, na kisicho na wizara hakiruhusiwi kutokea. Vitu vinavyozunguka, yaani magurudumu, feni, mashine za kusaga unga na uvumi, vyote viko chini ya Wizara ya Mizunguko.

Katika nchi hiyo aliishi fundi wa baiskeli aitwaye Habili Mtengule. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, ndiyo maana hata grisi yake ilinukia hamira. Alivaa koti la khaki lenye mifuko minne: mmoja wa spana, mmoja wa viraka, mmoja wa chaki, na mmoja wa miwani, ambao ulikuwa mtupu siku zote kwa sababu miwani ilikuwa puani. Kilichompa jina mjini ni kunyoosha ringi. Aliigeuza baiskeli tandiko chini, akalizungusha gurudumu, akasogeza chaki taratibu mpaka ringi ijichore yenyewe pale ilipopinda. Hapo alikaza spoku moja kidogo, akalegeza nyingine kidogo, huku anazigonga kwa ukucha na kusikiliza. Spoku iliyokaza hulia. Iliyolegea hunung'unika.

Mteja wake wa siku nyingi alikuwa Stumai, msichana wa kupeleka mikate. Alibeba kreti nne nyuma na moja mbele, na alikwenda kasi mpaka mikate ikafika kwa wateja na moto wake. Siku moja, bila kukusudia, aliupita msafara wa Mheshimiwa mmoja. Wakamweka ndani siku mbili kwa kosa la kupita. Siku ya tatu wakafikiri vizuri, wakamteua kuwa mwendeshaji wa taifa katika mbio za kushindana na saa, zile ambazo kila mtu huondoka peke yake na hakuna wa kujificha nyuma yake. Akifanya vizuri hapo, mwakani wangempeleka na kwenye yale mashindano ya mambo matatu, ya kuogelea, kuendesha na kukimbia.

Cheo hakikumbadilisha. Kila Ijumaa alikuja kibandani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo, ringi au mkeka?"

"Ringi. Nimeruka tuta moja tu."

"Moja la ghorofa ngapi?"

Alicheka, akakaa juu ya kreti tupu, akasubiri. Fundi alipomaliza, msichana aliuliza lilelile alilouliza kwa miaka tisa: "Imenyooka?"

"Imenyooka."

"Basi mimi sishiki breki."

*

Mwaka uliotangulia nchi hiyo ilikuwa imeshindwa na jirani yake kwa sekunde kumi na moja. Uchunguzi ukafanyika, ikagundulika kuwa sekunde hizo zilipotelea mbele ya baiskeli, mahali ambapo upepo hugongana na gurudumu. Baba Mtangulizi, ndivyo alivyoitwa mkuu wa nchi kwa sababu alitangulia kila mahali na hakuna aliyekumbuka aliondoka wapi, akaunda Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Gurudumu la Mbele. Ilikuwa na wajumbe thelathini na wanne. Walipokaa mara ya kwanza waligundua hakuna hata mmoja aliyewahi kushika gurudumu kwa mkono, ndipo wakamwandikia Fundi Habili barua: "Unateuliwa kuwa Mtaalamu."

Habili alioga, akaomba tai kwa jirani, akaenda.

Alikuta meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na kiti kilichowekewa kadi: MTAALAMU H. MTENGULE. Herufi zilikuwa za dhahabu. Kiti kilikuwa na mikono. Maisha yake yote Habili alikuwa amekaa juu ya stuli, kreti, ndoo na matairi. Aliketi, akaweka kiwiko cha kulia, akaweka cha kushoto, akashangaa jinsi mtu anavyoweza kupumzika akiwa ameketi tu.

Mezani kulikuwa na magurudumu matatu mapya. La kwanza lilikuwa na ringi fupi ya kawaida. La pili, ringi yake ilishuka kuelekea katikati kwa kimo cha vidole vitatu. La tatu halikuwa na spoku za kuonekana kabisa: lilizibwa lote, kama sinia la pilau.

Barua ilikuwa imeyataja yote matatu, kwa hiyo Habili alikuwa na jibu lake tangu nyumbani, ameliandika kwenye karatasi na kulitia mfuko wa chaki. Ringi ikishuka hivyo, upepo wa mbele hupasuliwa vizuri na kuachiwa upite. Lakini upepo wa ubavuni hulikamata gurudumu kama unavyokamata mlango ulioachwa wazi. Gurudumu la nyuma hata ukiliziba lote si neno, maana limefungwa kwenye fremu na mtu amelikalia. La mbele limeshika usukani. Ukiliziba, upepo ndio utakaoshika usukani. Kwa hiyo lichukuliwe la pili, la vidole vitatu. Karatasi yenyewe haikuzidi mistari minane.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Lutambi, alisimama. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha kambi.

"Ndugu wajumbe! Taifa lisilo na gurudumu la mbele ni taifa la toroli! Na hata toroli, ndugu wajumbe, nalo lina gurudumu la mbele! Sasa jiulizeni: sisi tutakuwa nani?"

Wajumbe wakajiuliza. Dakika moja ilitengwa kwa ajili hiyo.

Kisha wakajadili kwa saa tatu kama katika yale mashindano ya mambo matatu baiskeli nayo inaogelea. Ikaamuliwa kwa kura kuwa haiogelei, ila isimame ufukweni kwa heshima. Baadaye Bibi Katibu, mama aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kusomewa, akatoa hoja iliyomaliza kazi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika haya magurudumu matatu, ni moja tu lenye nafasi ya kutosha picha ya Baba Mtangulizi."

Ukumbi ukapiga makofi. Kwenye sinia, picha ingeenea yote, na masikio.

Likabaki tatizo dogo la kisheria. Nchi hiyo ina Sheria ya Kichwa Juu, inayokataza picha ya Baba Mtangulizi kukaa kichwa chini popote pale, na gurudumu, kwa bahati mbaya, huzunguka. Mwanasheria akafikiri, akasema gurudumu likienda kasi kichwa hakionekani kiko wapi, na kichwa kisichojulikana kiko wapi hakiwezi kusemwa kiko chini. Kosa lingekuwa kusimama vibaya. Basi askari mwenye pimamaji, kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, angekuwepo pa kuondokea na pa kufikia.

"Limebaki jaribio la upepo," akasema Mwenyekiti. "Mtaalamu atuandalie kesho asubuhi."

*

Kesho yake Habili aliwahi ukumbini kabla ya wote. Walikuwa wamemletea feni kubwa ya kusimama. Alilifunga lile sinia, lililobandikwa picha usiku uleule, kwenye baiskeli, akaipandisha baiskeli kwenye vyuma, akawasha feni kwa mbele. Gurudumu likatulia kama mtoto aliyeshiba. Akaivuta feni mpaka ubavuni, akawasha.

Usukani uligeuka wenyewe kwa nguvu, ukampiga kwenye goti. Aliona nyota. Akakaa chini palepale kwenye zulia, ameshika goti, anasema "hapana, hapana, hapana," kana kwamba gurudumu linabishana naye.

Wajumbe walipoingia, feni ilikuwa bado iko ubavuni. Karatasi za Bibi Katibu zikaruka hadi kwenye birika la chai.

"Nani kaweka upepo huku?" akafoka. "Huku watakaa mabalozi! Mabalozi wapigwe na upepo?"

Wahudumu wakaihamishia feni mbele. Ikawashwa. Gurudumu likatulia. Picha ikatabasamu. Wajumbe wakatabasamu pia, maana ilibidi.

"Mtaalamu," akasema Kanali Lutambi, na ukumbi ukanyamaza kumsikiliza fundi wa baiskeli, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada ya hapo. "Limepita?"

Sasa hapa lazima tuseme kweli, hata kama hadithi ingependa kupita haraka. Hakuna aliyemtishia Habili. Hakukuwa na bunduki, wala mtu aliyemnong'oneza sikioni. Kulikuwa na sinia la sambusa lililokuwa linamkaribia kutoka kulia. Kulikuwa na kile kiti chenye mikono, na jina lake kwa dhahabu. Kulikuwa na watu thelathini na wanne wanaomtazama kwa upole, na ingekuwa aibu kuwaharibia asubuhi. Goti lilimuuma. Mkono ulikwenda kwenye mfuko wa chaki, ukaigusa karatasi, ukarudi.

"Limepita, Mheshimiwa."

Wakampigia makofi. Sambusa ilifika. Ilikuwa ya nyama, yenye vitunguu vingi, ya moto. Aliila yote, na mpaka leo hawezi kusema ilikuwa na ladha gani.

*

Siku ya mbio, Wizara ya Mizunguko ilishauandikia upepo barua, ikiutaka uvume kutoka mbele au nyuma tu. Nakala ilibandikwa kwenye mti pale Pengo la Mayowe, ambapo barabara hupita katikati ya vilima viwili. Hapo mama ntilie wakipita na masinia kichwani huyashusha na kuyabeba mikononi, upepo usiyapeperushe.

Stumai alikuwa amevaa kofia ndefu yenye mkia nyuma, kama bata anayechungulia. Askari alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu na pimamaji, anahakikisha paji la uso la Baba Mtangulizi liko sawasawa na mbingu. Habili alisimama pembeni. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu jaribio, na kila siku alikuwa amesema leo nitamwambia. Jumatatu alikuta ana mafunzo. Jumanne alikuta amelala. Jumatano alimkuta macho, akamwuliza habari za mama yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Mbona umekonda? Nikishinda nitakuletea mkate wa nazi mzima, ule peke yako." Akainama, akaliangalia lile sinia. "Hili kubwa hili, halinizoei. Lakini wamesema wewe mwenyewe ndiye uliyelijaribu."

"Ni mimi."

"Limenyooka?"

Aliulizwa hivyo, na kunyooka lilikuwa limenyooka kweli. Chaki isingepata pa kulichora.

"Limenyooka, mwanangu."

"Basi mimi sishiki breki."

Filimbi ikalia, akaondoka.

Habili akapanda baiskeli yake, akakatisha njia ya mashambani, anakanyaga kwa mguu mmoja mzima na goti moja bovu, mpaka akatokea Pengo la Mayowe. Hakujua alichokuwa anakwenda kufanya. Labda kupunga mkono, labda kupiga kelele. Aliufikia ule mti wenye barua, akamwona Stumai anakuja, mgongo umelala, mikono imenyooshwa mbele, anakwenda kwa namna ambayo hakuna mtu wa nchi hiyo aliyewahi kwenda. Habili akafungua mdomo. Upepo, ambao haukuwa umeisoma barua, ukatokea ubavuni.

Gurudumu liligeuka kama ukurasa. Msichana akaruka upande mmoja, baiskeli upande mwingine. Baiskeli ikabingirika, ikaegemea jiwe, gurudumu likazunguka polepole, polepole zaidi, likasimama. Kidevu cha Baba Mtangulizi kilikuwa juu.

Askari sita walitoka mbio. Walikwenda kwenye gurudumu.

"Pimamaji! Leta pimamaji!"

"Kushoto kidogo. Umezidisha. Rudi kulia."

"Mwendeshaji yuko huku!" Habili akapiga kelele, anapita kwa nguvu. "Mkono wake, jamani, uangalieni mkono wake!"

Askari mmoja akamzuia kifuani, kwa adabu. "Subiri, mzee wangu. Kwanza Baba Mtangulizi."

Stumai alikuwa mtaroni, macho wazi, mkono wa kulia umelala kinyume. Hakulia. Alikuwa anautazama ule mkono kama mtu anayetazama kitu alichokopeshwa akakivunja.

*

Redio ilitangaza kuwa gurudumu limetoka salama. Kuhusu mwendeshaji ikasema kuna shauri: kumlaza Baba Mtangulizi kichwa chini hadharani, kwa uzembe wa mkono. Akikutwa na hatia, asingepanda baiskeli tena maishani, hata ya mikate.

Habili hakulala wala hakula. Asubuhi akavaa lile koti, akaenda polisi.

"Nimekuja kukiri kosa," akasema.

Konstebo akafurahi, akafungua kitabu. "Karibu sana, mzee. Kosa gani?"

"Niliulizwa gurudumu limepita, nikasema limepita, na nilijua halikupita."

Konstebo akapekua ukurasa hadi ukurasa, analamba kidole. "Hilo halimo. Kuna la kusema halikupita, hilo lipo, miaka minne. Ungelisema hilo ningekusaidia."

"Lakini mtu ameumia kwa sababu yangu."

"Ameumia kwa sababu yake. Imeshaandikwa."

Akaenda Wizarani. Bibi Katibu alimpokea kwa chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, akabadilisha miwani.

"Sasa fikiri, Mtaalamu. Wewe ukiwa umekosea, Kamati imekosea. Kamati ikiwa imekosea, aliyeiteua..." Akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, akaangalia dirishani, akaushusha taratibu. "Umechoka tu. Nikuandikie nishani?"

"Sitaki nishani, mama. Nataka kuandikiwa kosa."

"Basi leta maelezo yako kwa maandishi, yenye muhuri."

"Muhuri unatolewa wapi?"

"Unapigwa kwenye maelezo yaliyopokelewa."

"Na yanapokelewa vipi?"

"Yakiwa na muhuri," akasema Bibi Katibu, akamwongezea sukari.

Nishani waliituma hata hivyo. Habili aliitia mfuko wa viraka, ikamchoma kila alipoinama.

*

Siku ya kumi na mbili alikwenda hospitali. Siku kumi na moja alikuwa amefika getini na kurudi, kila mara na sababu nzuri: saa za kuona wagonjwa zimekwisha, mvua inakuja, hajanunua machungwa. Siku hiyo alinunua machungwa sita, akayamenya kabisa akiwa getini, asibakiwe na la kufanya akishaingia.

Stumai alikuwa ameegemea mto, mkono wa kulia ndani ya plasta hadi begani. Kwenye kikabati cha pembeni kulikuwa na fomu ya bluu. Muhuri ulikuwa umeshapigwa chini, mkubwa na wa duara, kwa sababu katika mambo ya hatia nchi hiyo haipotezi muda.

"Shikamoo, Fundi. Samahani siwezi kukaa vizuri."

"Marahaba. Hiyo nini?"

"Maelezo yangu. Saa kumi wanakuja kuyachukua. Nimejifunza kusaini kwa kushoto, tazama." Alimwonyesha pembeni ya gazeti palipojaa majina yaliyopinda. "Nasaini, yaishe."

"Unasaini nini?"

"Kwamba mkono wangu ulitetereka." Akatazama plasta. "Nimewaza sana, Fundi. Usiku wote nalirudia lile pengo. Najiuliza niliukosea wapi ule usukani. Maana gurudumu halikuwa na shida, ulishaniambia. Kwa hiyo ni mimi. Miaka tisa nabeba mikate sijaangusha hata bofulo moja, halafu siku ile..."

"Si wewe."

"Usinibembeleze. Wamekuja watu wengi hapa kunibembeleza."

"Sikubembelezi." Habili aliweka machungwa chini, yakaviringika, hakuyaokota. "Stumai. Feni niliiweka ubavuni kabla hawajaja. Usukani uligeuka ukanipiga hapa. Nilijua. Waliponiuliza nikasema limepita. Nilikuwa na karatasi mfukoni inayosema vingine, sikuitoa."

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini, na vyote vikageuza shingo.

"Ulijua toka lini?"

"Toka asubuhi ile."

"Siku ya mbio nikakuuliza."

"Uliniuliza kama limenyooka."

Stumai akamtazama. Habili hakutazama pembeni, ingawa palikuwa na dirisha.

"Walikufanya nini?" akauliza msichana. "Walikupiga?"

"Walinipa kiti."

Akangoja labda atatukanwa. Hakutukanwa. Msichana alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua ile fomu, akaitazama pale juu palipoandikwa jina lake. Akachukua kalamu, akalikata jina kwa mstari mmoja uliopinda. Akaisukuma fomu na kalamu mpaka ukingoni mwa kikabati.

"Ina muhuri tayari," akasema. "Lazima waipokee. Andika."

Habili aliinama, akaweka jina lake, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika zamani na kuzitumia kwa bei za viraka tu. Alipomaliza akampa. Stumai akasoma midomo ikicheza.

"Hapa umeandika 'Kamati iliona limepita.'"

"Ndiyo."

"Nani aliyesema?"

Habili akaichukua tena fomu. Akaifuta Kamati, akaandika MIMI NILISEMA LIMEPITA. Stumai akasoma mara ya pili, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake mpaka saa kumi.

"Sasa toka nje, Fundi."

"Nikungoje?"

"Sijui. Nikitaka kukuona nitakuita."

Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, katikati ya watu waliovunjika miguu. Mlango wa wodi ulipofunguka akasimama upesi, akajifuta mikono kwenye koti. Alikuwa mfagiaji, anasukuma machungwa sita kwa ufagio. Akampisha, akaketi tena.